Masika yakifurika, uchaguzi mkuu unaweza kuahirishwa?

SWALI

Kwa washauri wa safu hii,

Salaam sana. Mimi ni katibu wa kamati ya waathiriwa wa mafuriko katika kambi moja karibu na Garsen, Kaunti ya Tana River. Familia nyingi hapa zilihama vijiji vya kando ya mto mwaka 2024. Baadhi zimerudi, nyingine bado, kwa sababu shamba limeliwa na mto au nyumba haikaliki. Karibu sote tumeandikishwa kupiga kura katika vituo vya vijiji tulivyotoka.

Juzi kulikuwa na mkutano wa hadhara. Kiongozi mmoja wa kisiasa akasema masika ya 2027 yakiwa kama yale ya 2024, itabidi uchaguzi mkuu wa Agosti usogezwe nchi nzima, hata kwa mwaka mmoja, mpaka watu wote warudi makwao. Alipigiwa makofi. Mimi sikujua nishike lipi. Shule ya msingi ambayo ndiyo kituo chetu iliingiwa na maji mpaka kwenye madirisha, hilo si uongo. Lakini pia naingiwa na shaka ninapomsikia mwenye kiti akitaka aongezewe muda kwa jina la shida zetu.

Mpwa wangu anayesomea sheria anasema Katiba imetaja janga la asili waziwazi kuwa sababu ya kutangaza hali ya hatari, kwa hivyo kuahirisha kunawezekana. Mzee mmoja wa kamati anashikilia kwamba Jumanne ya pili ya Agosti haiguswi na mtu yeyote. Wamebishana hadi wakanuniana.

Naomba mnijibu mambo matatu. Je, sheria inaruhusu uchaguzi wa nchi nzima kuahirishwa kwa ajili ya janga? Hata kama hairuhusu, si haki kusubiri watu watoke kwenye mahema? Na sisi tulio kambini tufanye nini mapema ili tusiachwe nje?

Katibu wa kamati, Garsen

JIBU

Mama katibu, poleni nyote kwa yaliyowapata, na hongera kwa kuuliza kabla mvua haijaanza.

Mzee wa kamati yuko karibu zaidi na ukweli. Mpwa wako naye hakusoma vibaya, ila alisoma kifungu ambacho hakijibu swali lako. Kifungu cha 58 cha Katiba ya Kenya kinaruhusu hali ya hatari kutangazwa nchi inapotishiwa na vita, uvamizi, uasi, machafuko, janga la asili au dharura nyingine ya umma. Tangazo hilo hudumu siku 14 tu. Anayeliongeza ni Bunge la Kitaifa, si rais, kwa muda usiozidi miezi miwili kila mara. Nyongeza ya kwanza inahitaji kura za thuluthi mbili ya wabunge wote na zinazofuata robo tatu, na Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Katika masharti yote hayo hakuna linalosema kwamba tarehe ya uchaguzi inasimama. Hali ya hatari inaweza kuwepo na kura zikapigwa ndani yake.

Kifungu cha kumwonyesha mpwa wako ni cha 102. Hicho ndicho kinachohusu kuongeza muda wa Bunge, na kinataja sababu moja tu: Kenya ikiwa vitani. Hata hapo ni lazima kila bunge, la Kitaifa na Seneti, lipitishe azimio kwa thuluthi mbili ya wanachama wake wote, kwa miezi isiyozidi sita kwa wakati mmoja, na jumla isizidi miezi 12. Walioandika Katiba walilikumbuka janga la asili walipofika kifungu cha 58. Walipofika cha 102 hawakuliweka. Sisi tunaamini walijua walichokuwa wakifanya: mvua huja kila mwaka, na ukiiruhusu mvua iongeze muda wa viongozi, hutakosa mwaka wenye mvua ya kutosha.

Kuna watakaosema basi Katiba ibadilishwe. Kuongeza muhula wa rais ni jambo linaloangukia kifungu cha 255, ambacho kinadai kura ya maamuzi. Kura hiyo inahitaji angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, na wengi waunge mkono. Yaani ili kuukwepa uchaguzi wa nchi nzima kwa sababu barabara hazipitiki, ungelazimika kwanza kuipigisha kura nchi nzima kupitia barabara zizo hizo. Kwa hivyo yule bwana wa jukwaani aliahidi kitu ambacho sheria haimpi. Tarehe ni 10 Agosti 2027.

Lakini msiishie hapo, maana kuna sheria nyingine inayowagusa ninyi moja kwa moja, na ndiyo inayofaa kusomwa kambini kwa sauti. Ni sehemu ya 55B ya Sheria ya Uchaguzi. Inairuhusu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kuahirisha uchaguzi katika eneo bunge, kaunti au wadi ikiwa kuna hofu ya kweli ya uvunjaji mkubwa wa amani, ikiwa haiwezekani kuendesha uchaguzi kwa sababu ya janga la asili au dharura nyingine, au ikiwa kumetokea hitilafu kubwa ya uchaguzi. Uchaguzi huo lazima ufanyike mapema iwezekanavyo. Tazama mipaka yake. Anayeamua ni tume, si serikali wala wabunge. Eneo ni lile lililoathirika, si taifa. Na kipimo ni kutowezekana. Kuwa kazi ni ngumu, ghali au ya kuchosha hakutoshi.

Sasa lipo jambo ambalo wanaoshangilia kuahirishwa huwa hawaambiwi. Sehemu hiyo hiyo inaipa tume ruhusa ya kutangaza matokeo bila eneo lililoahirishiwa, ikiridhika kwamba kura za huko hazitabadilisha mshindi. Haya yalishatokea. Marudio ya uchaguzi wa rais ya 26 Oktoba 2017 yaliahirishwa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kwa sababu za usalama. Yalipangwa tena tarehe 28, yakaahirishwa tena, na tarehe 30 matokeo yakatangazwa bila kaunti hizo nne. Sababu haikuwa janga la asili, lakini sheria iliyotumika ni ile ile ambayo ingetumika Tana River.

Kwa kura ya rais saa inakimbia vibaya zaidi. Katiba inamtaka mwenyekiti wa tume atangaze matokeo ndani ya siku saba baada ya uchaguzi. Maji ya Tana yakishatanda kwenye mbuga hayaondoki kwa siku saba. Kwa nafasi za gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi, mnaweza kupiga kura wiki kadhaa baadaye na isiwe hasara kubwa. Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana wa Mombasa na wa Kakamega uliahirishwa baada ya kasoro kwenye karatasi za kura, ukafanyika 29 Agosti, na magavana wakapatikana. Kura ya rais ndiyo inayoweza kuwapita. Kwa hiyo mtu akiwaambia kambini kwamba anawatetea kwa kudai eneo lenu liahirishiwe, muulizeni kura yenu ya rais itahesabiwa siku gani.

Swali lako la pili ni la haki, na hatutaki kulijibu kwa vifungu peke yake. Ziko nyakati ambapo kuahirisha uchaguzi wa taifa ni halali kabisa mbele ya dhamiri. Haiti ilikuwa na uchaguzi wa wabunge 28 Februari 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko la ukubwa wa 7.0 likapiga karibu na mji mkuu, Port-au-Prince. Wizara ziliporomoka, makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa yakaporomoka, na zaidi ya watu milioni moja wakalala kwenye mahema. Nchi ile imekusanya karibu kila kitu katika mji mmoja, na mji huo ndio uliovunjika. Kupiga kura baada ya wiki sita kusingewezekana, na hatujui mtu makini aliyepinga kusogeza.

Tatizo lilikuja baadaye. Muhula wa wabunge uliisha Mei na rais akabaki bila baraza la chini la Bunge. Kura zilipigwa 28 Novemba, miezi tisa baada ya tarehe ya awali, na bado daftari lilikuwa na majina ya waliokufa, watu wa kwenye mahema hawakujua vituo vyao, na kipindupindu kilikuwa kimeanza kuenea tangu Oktoba. Siku hiyo hiyo ya kura, wagombea 12 wa urais walitaka zoezi zima lifutwe. Duru ya pili ilichelewa hadi 20 Machi 2011, na rais ambaye muda wake ulikuwa uishe 7 Februari akakaa hadi 14 Mei. Miezi tisa ilipatikana, lakini kazi ya kuwatafuta wapiga kura walikohamia na kusafisha daftari haikukamilika ndani yake.

Linganisha na nchi hiyo hiyo mwaka 2016. Kimbunga Matthew kiliipiga tarehe 4 Oktoba, siku tano kabla ya uchaguzi. Baraza la uchaguzi likasogeza kura kutoka 9 Oktoba hadi 20 Novemba. Tarehe ilijulikana, muda ulikuwa wiki sita, kura zikapigwa, na rais mpya akaapishwa 7 Februari 2017. Hapo ndipo tunapopata swali ambalo tungetaka kila mwananchi amuulize anayetaka kuahirisha: tarehe mpya ikifika, nini hasa kitakuwa kimebadilika? Akitaja daraja litakalokuwa limejengwa, vituo vitakavyokuwa vimehamishwa, watu watakaokuwa wamepewa vitambulisho, msikilize. Akisema tu “mpaka hali itulie”, huyo hana mpango. Na “mpaka watu wote warudi makwao” ni mbaya zaidi, kwa sababu wengine wenu, tunasikitika kusema, huenda msirudi kamwe kwenye ardhi ambayo mto umeichukua.

Upande wa pili wa haki umeonekana Pakistan mwaka 1970. Uchaguzi ulikuwa ufanyike 5 Oktoba, ukasogezwa hadi 7 Desemba kwa sababu ya mafuriko upande wa mashariki, ambao leo ni Bangladesh. Halafu usiku wa 12 Novemba kimbunga kikaua watu laki tatu au zaidi huko huko pwani ya mashariki. Kama kuna janga lililotosha kuahirisha tena, ni hilo. Hawakuahirisha. Nchi ilipiga kura 7 Desemba, na maeneo ya pwani yaliyoharibiwa yakapiga 17 Januari 1971. Watu wa mashariki walikuwa na hasira na serikali kwa jinsi ilivyozembea kuwaokoa, na kura ndiyo iliyokuwa njia yao ya kusema. Chama cha Awami League kilishinda viti 160 kati ya 162 vya upande huo. Hili halisemwi vya kutosha: walioumizwa na janga mara nyingi ndio wenye hamu kubwa kuliko wote ya kuwahukumu viongozi, na kuahirisha kunawanyang'anya nafasi hiyo kwa kisingizio cha kuwahurumia.

Uturuki nayo ilipata matetemeko mawili makubwa 6 Februari 2023 yaliyoua zaidi ya watu 50,000. Katiba yao, kama yetu, inaruhusu kuahirisha kwa sababu ya vita tu. Zilisikika sauti za kutaka uchaguzi usogezwe, lakini ukafanyika 14 Mei, na katika miji iliyobomoka watu walipiga kura ndani ya makontena na mahema. Msumbiji ilipigwa na Kimbunga Idai pale Beira katikati ya Machi 2019, kisha Kenneth huko Cabo Delgado mwezi Aprili. Walichosogeza ni kuanza kwa uandikishaji, hadi 15 Aprili. Siku ya kura, 15 Oktoba, haikuguswa. Huo ndio mfano tunaoupenda zaidi, maana hatua za awali ndizo zilizonyumbuka na siku yenyewe ikabaki mahali pake.

Ethiopia mwaka 2020 iliahirisha uchaguzi wake wa Agosti kwa sababu ya korona bila kwanza kutoa tarehe mpya. Jimbo la Tigray likakataa, likafanya uchaguzi wake Septemba, na Novemba vita vikaanza. Vita hivyo vilikuwa na mizizi mingi, lakini ugomvi wa nani ana uhalali baada ya muhula kuisha ulikuwa mmojawapo.

Na Kenya yenyewe? Uchaguzi wa 29 Desemba 1997 ulifanyika katikati ya mvua za El Niño. Vifaa vilichelewa, barabara zilikatika, na upigaji kura ukaendelea hadi siku ya pili. Mwaka 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwezi Septemba, na Agosti iliyofuata watu wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera walipiga kura huku mifugo yao ikifa. Hakuna aliyesogeza tarehe.

Tuje sasa kwenye kambi yenu, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo.

Agosti kwa Tana ya chini si msimu wa mafuriko. Maji yenu hutoka milimani: mvua kubwa ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba hujaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakafurika, na maji yakachukua siku kadhaa kuteremka hadi Garsen. (Wenzenu wa Budalang'i hawana unafuu huo, maana magharibi mvua hunyesha hata Agosti na mto Nzoia unaweza kufura.) Kwa hivyo uwezekano wa kituo chenu kuwa ndani ya maji tarehe 10 Agosti yenyewe ni mdogo. Hatari yenu kubwa iko kwenye mambo mengine: wapiga kura kutawanyika, vitambulisho kupotea, shule kugeuzwa makao, na barabara iliyobebwa na maji Mei kuwa haijatengenezwa hadi Agosti.

Anzeni na tarehe moja: 12 Mei 2027. Sheria inamtaka mpiga kura anayetaka kuhamisha usajili wake kwenda eneo lingine aiarifu tume angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na ukihesabu kurudi nyuma kutoka 10 Agosti unafika hapo. Mnaiona shida? Siku ya mwisho inaangukia ndani ya masika. Atakayefukuzwa na maji tarehe 20 Mei amechelewa tayari. Ndiyo maana familia ambazo zinajua hazirudi kijijini zihamishe usajili mapema, Januari au Februari, wakati ofisi hazina foleni na barabara ni kavu.

Lakini msikimbilie kuhamisha wote kwa pamoja. Ukihamisha usajili unahama na kura yako ya wadi na ya eneo bunge. Familia iliyohama ndani ya wadi ile ile haina sababu ya kuhamisha, ila kama kituo cha zamani kiko mbali mno au hakifikiki. Aliyevuka kwenda eneo bunge lingine la Tana River, tuseme kutoka Garsen kwenda Galole, bado ana gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake wale wale, lakini atamchagulia mtu mwingine mbunge na mwakilishi wadi. Aliyehamia Malindi au Lamu anabadilisha vyote isipokuwa rais. Kama anakusudia kurudi na kudai haki zake za ardhi kupitia mwakilishi wadi wa kwao, afikirie vizuri kabla ya kuitoa kura yake huko. Kila kaya iamue yenyewe. Kamati isiwaamulie, na mwanasiasa asikodi basi la kuwapeleka. Wapiga kura kusombwa ni malalamiko yanayofika mahakamani.

Kwa walio wengi dawa bora ni kuhamisha kituo badala ya watu. Daftari la kituo likisogezwa pamoja na mtambo wa KIEMS, ule unaomtambua mpiga kura kwa alama za vidole na kutuma matokeo, hadi mahali pa juu ndani ya wadi, mpiga kura anabaki na haki zake zote. Kanuni za uchaguzi zinakwenda mbali zaidi: hata siku yenyewe, upigaji kura ukikatizwa na janga la asili, msimamizi wa kituo anaweza kuusogeza hadi siku nyingine kwa kushauriana na afisa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, au kuuhamishia kituo kingine kwa kushauriana na tume. Ila ukisubiri siku yenyewe, nusu ya watu hawatapata habari na mawakala wa vyama watasema sanduku limetoroshwa. Ombeni mapema, kwa maandishi.

Barua hiyo iwe na nini? Jina la kituo kama linavyoonekana kwenye orodha ya tume, na wadi yake. Maji yalifika wapi 2024, kwa siku ngapi, na njia ipi ilikatika. Pigeni picha ya alama ya maji ukutani kama bado ipo. Mahali mbadala mnapopendekeza, umbali wake kutoka kituo cha zamani, na kama kuna choo, kivuli na njia ya viti vya magurudumu. Mnakadiria wapiga kura wangapi wa kituo hicho wako kambini. Halafu kipengele kinachosahaulika: shule ile ile ambayo ni kituo cha kura ndiyo ambayo chifu na Msalaba Mwekundu huweka wahanga maji yakija. Familia zikiwa zinalala madarasani hakuna pa kuweka masanduku sita wala faragha ya kupiga kura. Pendekezeni mapema ni madarasa yapi yabaki wazi, au mahema yawekwe wapi. Vyama vyote vilivyo na mawakala huko vitie saini barua hiyo. Barua yenye saini za upande mmoja hutiliwa shaka hata kama kila neno ni la kweli.

Mkikutana na maafisa, zungumzeni nao kwa hesabu. Kituo kimoja hupangiwa wapiga kura wasiozidi 700. Kila mmoja anapewa karatasi sita, kwa hivyo ni hadi karatasi 4,200, masanduku sita, mtambo, betri zake, makarani, askari na mawakala. Hivyo vyote havipandi mtumbwi mmoja. Aprili 2024 boti ya abiria ilizama kwenye mafuriko kati ya Madogo na Garissa na watu wakafa. Kwa hivyo ulizeni boti zenye injini na maboya ya kuokolea, na vifaa visafirishwe mchana, siku moja kabla, vikiwa vimefungwa kwenye nailoni na mawakala wakiwepo. Karatasi ya kura iliyolowa hushikana na nyingine, wino wake hutawanyika, na wakati wa kuhesabu itazua ubishi.

Saa za kura ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660 kwa watu 700. Kituo kikifunguliwa saa tatu asubuhi, msimamizi anatakiwa kuongeza jioni muda uliopotea, na aliye kwenye foleni wakati wa kufunga anapiga kura. Kwa hivyo taa ziwepo. Tumesikia mara nyingi watu wakirudi nyumbani kwa kudhani saa kumi na moja ni kikomo hata kama kituo kilichelewa. Waambieni wasiondoke kwenye foleni.

Baada ya kuhesabu bado njia inahitajika. Picha ya Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya rais ya kila kituo, hutumwa kwa mtambo, na pasipo na mtandao wa 3G hutumika setilaiti, lakini fomu halisi lazima ifike kwenye kituo cha kujumlisha cha eneo bunge na baadaye Nairobi. Barabara ikikatika usiku wa kura, fomu ikakwama, siku saba za kutangaza matokeo zinapungua. Ulizeni ofisi ya eneo bunge fomu za vituo vya ng'ambo zitapita njia gani, na njia ya pili ni ipi.

Kuhusu vitambulisho: unapiga kura kwa hati uliyojiandikishia, iwe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Karatasi ya kusubiria kitambulisho haitoshi. Aliyepoteza chake kwenye maji aanze sasa hivi kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu, asisubiri Julai. Kamati iweke orodha ya wasio na hati, lakini orodha hiyo isikae na mgombea yeyote. Nambari za vitambulisho vya watu wenye njaa zimetumika vibaya sehemu nyingi. Na mgombea akileta unga huku akiuliza majina ya wapiga kura, huo ni ushahidi wa hongo chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Pokeeni msaada unaopitia mikono ya Msalaba Mwekundu, chifu au kaunti, na mwandike nani ameleta nini na lini.

Ikitokea kweli kwamba Agosti wadi yenu imezingirwa na tume inaahirisha, daini mambo manne kwenye tangazo: wadi au eneo bunge lililotajwa kwa jina, sababu, tarehe mpya, na kauli ya wazi kuhusu kura ya rais. Tangazo lisilo na tarehe lipelekeni Mahakama Kuu siku hiyo hiyo. Kifungu cha 83 cha Katiba kinataka mipango ya uchaguzi imrahisishie raia kupiga kura na isimnyime haki hiyo, na hoja yenu itakuwa na nguvu zaidi mkionyesha kwamba tume ilionywa. Maji ya Tana hutoa taarifa siku kadhaa kabla, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wiki nyingi kabla, na barua yenu itakuwa imekaa kwenye faili tangu mwanzo wa mwaka.

Kwa sababu hiyo andikeni nakala tatu. Moja kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge, moja kwa naibu kamishna wa kaunti, na ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha wewe katibu uiweke mahali ambapo maji hayafiki.